Jinsi ya Kuomba Nafuu ya Kelele za Ndege Ukajibiwa

Ofisi ya malalamiko ya uwanja wa ndege hupokea barua za aina mbili. Moja inasema ndege zimezidi, watoto hawalali, tunaomba mtufikirie. Nyingine inataja tarehe, saa, ndege ilitokea upande gani, na jambo moja linaloombwa. Ya kwanza hujibiwa kwa aya ya shukrani. Ya pili humlazimu mtu afungue rekodi za rada. Taratibu hutofautiana nchi na nchi, ila mwenendo wake ni huohuo, na hapa tunaandaa barua ya aina ya pili.

Anza kwa kujua unamwandikia nani

Watu wengi huandikia uwanja kuhusu mambo ambayo uwanja hauna mamlaka nayo, kisha wanachukia jibu. Mwendeshaji wa uwanja ndiye anayesimamia majaribio ya injini, vifaa vya kupimia kelele, na mara nyingi fedha za kukinga nyumba za jirani dhidi ya kelele. Njia ambazo ndege hupita angani zinaendeshwa na waongoza ndege na kuidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Vibali vya kujenga nyumba au shule chini ya njia hizo viko kwa watu wa mipango miji. Ndege za jeshi zina ofisi yake. Ndege za wagonjwa, za polisi na za uokoaji kwa kawaida husamehewa masharti ya usiku, kwa hiyo usizitumie kama msingi wa hoja yako.

Ukiwa hujui mwenye jambo ni nani, andikia uwanja, weka nakala kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na uulize wazi: "Kama suala hili si lenu, tunaomba mtutajie ofisi inayohusika."

Daftari la kelele

Kabla ya barua, weka kumbukumbu kwa wiki mbili au tatu mfululizo. Andika hata siku zilizokuwa tulivu. Siku tulivu ndizo zinazoonyesha kwamba hutungi, na mara nyingi ndizo zinazofichua chanzo: ndege hupaa na kutua zikielekea upepo unakotoka, hivyo upepo ukigeuka, kelele nazo huhamia mtaa mwingine.

Ingizo zuri linafanana na hili:

"Jumanne, 02:47, saa za hapa. Ndege kubwa ya abiria, inapaa, inatoka kaskazini kwenda kusini, imepita juu ya paa. Watu watatu wameamka. Upepo kutoka kusini, mawingu."

Hapo kwenye saa pana mtego kwetu tunaohesabu saa kuanzia alfajiri. Ukiandika "saa 8 usiku", karani anaweza kuisoma kama 20:00, atafute kwenye rekodi, asione kitu, na lalamiko lako lifungwe. Andika kwa mtindo wa saa 24 na uongeze "saa za hapa", kwa sababu kumbukumbu za usafiri wa anga hutunzwa kwa saa za kimataifa.

Programu za simu zinazofuatilia ndege zinasaidia sana. Ndege nyingi hutangaza zenyewe mahali zilipo kwa mawimbi ya redio, na programu hukuonyesha namba ya safari, aina ya ndege na mwinuko. Piga picha ya skrini palepale. Ila kumbuka kwamba mwinuko huo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia usawa wa bahari, wala si kuanzia paa lako. Ukiishi mahali palipo mita 1,500 juu ya bahari, ndege inayoonyeshwa futi 8,000 iko kama futi 3,000 tu juu yako. Wengi hukosea hapa, nao mjibu barua hafanyi haraka kuwasahihisha.

Vipimo vya desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) vya simu vichukulie kama dokezo. Ukivitaja, sema ni vya simu, kisha omba uwanja ulete kipimo chao kwa muda maalumu. Viwanja vingi vikubwa vina vipimo vya kuhamishika, na kuomba kiwekwe mtaani kwenu ni ombi halali kabisa.

Omba ramani ya kelele

Ramani hii huchora mistari kuzunguka uwanja, kila mstari na wastani wake wa desibeli. Nyumba yako ikiwa ndani ya mstari fulani unapata haki fulani. Ikiwa nje, utaambiwa hustahili. Kwa hiyo usiipokee tu. Uliza ilichorwa mwaka gani, kwa idadi gani ya safari, na kwa njia zipi za angani. Ramani ya zamani ya uwanja ambao safari zake zimeongezeka inaweza kukuacha nje bila sababu.

Jua pia wastani huo unavyotengenezwa. Katika kipimo kinachotumika Ulaya, ndege ya jioni huongezewa desibeli 5 na ya usiku desibeli 10. Desibeli 10 ni nishati ya sauti mara kumi, maana yake ndege moja ya usiku inahesabiwa kama kumi za mchana. Hata hivyo wastani unabaki kuwa wastani: ndege nne zinazokuamsha usiku zinaweza kumezwa ndani ya mwaka mzima. Ndiyo maana uombe takwimu za usiku peke yake, na idadi ya matukio yaliyovuka kiwango fulani.

Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilipendekeza kelele za ndege nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima na 40 kwa usiku. Marekani, kwa upande wake, hutumia desibeli 65 kama mpaka wa kawaida wa kufadhili ukingaji wa nyumba. Pengo ni kubwa. Taja kiwango cha nchi yako kwanza, kisha cha WHO, kwani mapendekezo ya WHO si sheria na ofisa atakukumbusha hivyo.

Kama mwombaji ni shule, kuna ushahidi mzito wa kutaja. Uwanja wa Munich ulipohamishwa mwaka 1992, watafiti waliwafuata watoto wa pande zote mbili. Kumbukumbu na usomaji vilishuka kwa waliopata uwanja mpya, na vikapanda kwa waliouaga ule wa zamani.

Chagua ombi linalowezekana

Hapa ndipo barua nyingi hufia. "Hamisheni njia ya ndege" ni ombi gumu kama unaishi chini ya mstari wa kutua. Ndege inayotua hushuka kwa pembe ya nyuzi 3 hivi, imenyooka na njia ya kurukia. Ikibakiza kilomita 10 iko takribani mita 500 juu ya usawa wa uwanja, na rubani hana nafasi ya kukwepa mtaa wako. Uwanja wa London City hutumia nyuzi 5.5, lakini si kila ndege inaruhusiwa kutua hapo. Ndege zinazopaa zina uhuru zaidi wa kugeuka na kupanda haraka, hivyo ombi la kubadili njia lina uzito zaidi kwa kupaa.

Kwa walio chini ya mstari wa kutua, omba mambo kama haya: injini zisijaribiwe usiku, marubani wapunguze kutumia breki ya injini (kugeuza msukumo wa injini ili ndege iliyotua ipunguze mwendo) usiku pale njia ya kurukia ni ndefu ya kutosha, au njia mbili za kurukia zipokezane. Uwanja wa Heathrow, London, hubadilishana njia ya kutua saa 15:00 ili kila upande upate nusu siku ya utulivu. Frankfurt, tangu 2011, haina safari za ratiba kati ya 23:00 na 05:00. Mifano hii inaonyesha kwamba unachoomba kimefanyika mahali pengine.

Usishangae ukiomba marufuku ya usiku na kujibiwa kwa tahadhari. Tangu 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linazitaka nchi zipime kwanza ndege tulivu zaidi, mipango ya ardhi na namna ya kurusha ndege, kabla ya kufikia kuzuia safari.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Anwani yako, kipindi cha daftari, matukio matatu mabaya zaidi, ombi moja, na tarehe unayotarajia jibu. Daftari liwe kiambatisho. Omba namba ya kumbukumbu.

Kusanya saini za kaya mbalimbali badala ya kutuma barua mia peke yako. Mwaka 2015 uwanja wa Reagan, Washington, ulipokea malalamiko 8,760, na 6,852 kati yake yalitoka nyumba moja. Takwimu hiyo imetumiwa sana kudai kwamba tatizo ni la mtu mmoja.

Ukiomba nyumba ikingwe

Utahitaji uthibitisho wa umiliki, au ridhaa ya mwenye nyumba kama umepanga, pamoja na kibali cha ujenzi. Mipango mingi ya kukinga nyumba huweka tarehe ya ukomo: nyumba iliyojengwa baada ya ramani kutangazwa haihesabiwi. Mkaguzi akija, mwonyeshe vyumba vya kulala kwanza. Dirisha la vioo viwili halina faida likifunguliwa, kwa hiyo uliza kama mfumo wa kuingiza hewa umo ndani ya msaada.

Soma karatasi ya mwisho kabla ya kusaini. Baadhi ya mipango hiyo, hasa ya Marekani, humtaka mwenye nyumba atoe haki ya ndege kupita juu yake kama masharti ya msaada, na haki hiyo humfuata hata atakayeinunua nyumba baadaye.

Wakikukatalia

Omba sababu kwa maandishi, kisha nenda ngazi ya juu: mdhibiti, msuluhishi wa malalamiko ya umma, mwishowe mahakama. Mwaka 2003 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwakatalia wakazi wa karibu na Heathrow hoja yao kwamba safari za usiku zilivunja haki ya maisha ya nyumbani, lakini ikakubali kwamba mahakama za Uingereza hazikuwapa njia ya kweli ya kusikilizwa. Kwa hiyo tunza kila jibu, hata la mstari mmoja.

Na fuatilia matangazo ya upanuzi wa uwanja. Tathmini ya athari kwa mazingira huwa na siku za kupokea maoni, na wakati huo mwombaji ni uwanja wenyewe, si wewe. Daftari lako liingie humo kama kiambatisho kabla dirisha la maoni halijafungwa, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.