Funika stroberi kabla jua halijazama

Usiku wa jalidi ukitabiriwa wakati stroberi zimechanua, usingoje giza liingie ndipo ufunike. Mwagilia udongo mchana, sogeza kando nyasi kavu ulizotandaza kati ya mistari, kisha funika kabla jua halijazama kwa shuka kuukuu au kitambaa chepesi cha bustani. Kitambaa kifike chini pande zote na kingo zake zikandamizwe kwa mawe.

Joto linalookoa maua linatoka ardhini, na kitambaa kinalizuia tu lisipotee angani. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto jingi kuliko mkavu, na nyasi zile hulizuia lisipande (wengi hudhani zinasaidia). Ukifunika saa nne usiku, joto limeshaondoka, unafunika baridi.

Ua lililofunguka hufa kwenye nyuzi -1 hivi za Selsiasi. Chipukizi lililofumba bado huvumilia zaidi. Plastiki tupu ni mbaya: kila inapogusa ua, ua huganda, kwa hiyo iinue kwa vijiti au matao ya waya. Asubuhi, jalidi ikishayeyuka, funua ili nyuki wafike.

Mbinu hii hufaa usiku mtulivu wenye anga safi. Upepo wa baridi ukivuma usiku kucha, au nyuzi za joto zikishuka chini ya -4, shuka moja haitoshi. Siku ya pili chungulia katikati ya maua: penye weusi hapatatoka tunda.