Toa chekeche kwenye mashine ya majani, unamnyima ng'ombe mate yake

Juzi tena nimeingia banda la mfugaji, nikatia mkono kwenye hori nikatoka na mabingobingo yamesagwa hadi yanapita katikati ya vidole kama dona, na ng'ombe watatu wamelala pale hakuna hata mmoja anayecheua. Jamani! Lile chekeche ni la kusagia mahindi, majani yanakatwa tu.

Najua mnawaza chakula kikiwa laini kitameng'enywa upesi. Kwa binadamu sawa, mate yetu yana kimeng'enya cha kuvunja wanga, ndo maana ukitafuna ugali muda mrefu unasikia utamu. Mate ya ng'ombe hayana hicho, kazi yake kubwa ni kupoza asidi, yana baikaboneti. Kule kwenye tumbo kubwa nyuzi za majani zinavunjwa na vijidudu, vimeng'enya vya kazi hiyo ni vya kwao, ng'ombe mwenyewe hana, na vijidudu hivyo vinataka pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ndo asidi imezidi) ya 6 mpaka 7, ikishuka chini ya 6 vinaanza kulegea, ikipita 5.5 kwenda chini ujue ng'ombe anaumwa asidi.

Ng'ombe mkubwa wa maziwa anatoa mate lita 100 mpaka 150 kwa siku. Lita, sio vikombe! Mengi yanatoka akiwa anatafuna na kucheua, na kucheua kunataka kitu kirefu kidogo kinachokwaruza ukuta wa tumbo, sasa wewe umemsagia, anameza kaisha, mate kidogo, asidi inapanda, halafu juu yake unamwaga ndoo ya pumba inayozidisha asidi.

Kata sentimita 3 mpaka 5. Nimeshasema hili kwenye mikutano mpaka sauti inakauka na bado watu wanakadiria kwa macho, chukua rula, kama huna basi kipande kisiwe kifupi kuliko pingili ya juu ya dole gumba lako. Majani yatangulie, nusu saa mpaka saa nzima, ndo ulete pumba na mashudu, na kwa mara moja isizidi kilo 3, anayekula kilo 6 mgawie asubuhi na jioni. Ukitaka kuongeza, nusu kilo kila baada ya siku 3, usiruke kwa sababu eti kazaa juzi unataka maziwa.

Ukiingia bandani saa mbili hivi baada ya kulisha ukakuta zaidi ya nusu ya waliolala wanacheua, umepatia.

Kinyesi kikiwa uji wenye povu, maziwa yamepungua mafuta, anakanyaga kama kwato zinamuuma, pumba acha siku hiyohiyo, mpe nyasi kavu ndefu bila kukata na muite daktari wa mifugo, na akishalala hanyanyuki usisubiri kesho.