Jinsi ya kuwafikia wasomaji wa maktaba kwa WhatsApp: tunavyofanya Mtwara

Juzi mkutubi mwenzangu wa upande wa Lindi alinipigia analalamika: "Kaka, naposti Facebook kila siku, haji mtu." Nikamwambia Facebook aiache kwanza. Huku kwetu mzazi, mwalimu na kijana wa bodaboda utawakuta WhatsApp. Nilichomwelekeza ndicho hiki.

Hatua ya 1: Laini
Isajiliwe kwa jina la taasisi, maana mtumishi huhamishwa na laini yake mfukoni. Weka WhatsApp Business, ile programu ya WhatsApp ya biashara na taasisi, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya kulinda akaunti, na uongeze barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Mimi niliiruka barua pepe, nikasahau PIN, nikakaa siku 7 nikisubiri kufunguliwa. PIN iandike kwenye daftari linalofungiwa kabatini.

Hatua ya 2: Wasifu
Saa za kufungua, mahali mlipo, ujumbe wa salamu. Basi.

Hatua ya 3: Orodha ya matangazo, siyo grupu
Hapa ndipo nilipopoteza karibu mwezi mzima, kwa hiyo nivumilie.

Nilianza na grupu. Wiki ya kwanza vitabu, ya pili mikeka ya kubeti na matangazo ya viwanja. Hayo ningeyavumilia. Lakini kwenye grupu kila mtu anaiona namba ya mwenzake, na binti mmoja wa kidato cha nne akaanza kupigiwa usiku na watu asiowajua. Nikalifunga siku hiyohiyo. Siku hizi ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, yule binti alinitosha.

Nikahamia orodha ya matangazo, ile WhatsApp ya Kiingereza inaita "broadcast list". Unatuma mara moja, kila mtu anaupokea peke yake, na akijibu unaona wewe tu. Orodha moja inabeba watu 256. Wakizidi, fungua nyingine. Nikakaa kwenye daftari la wanachama, nikaingiza namba mchana kutwa, nikatuma. Kimya. Nikalaumu mtandao, nikabadilisha bando, nikafuta programu na kuiweka upya. Kumbe tangazo humfika tu yule aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake! Wewe kuwa na namba yake hakusaidii kitu. Ukitaka kuhakikisha, shikilia ujumbe kwa kidole, fungua taarifa zake, utaona majina ya waliofikiwa. Siku ile yalikuwa tisa.

Dawa yake iko kaunta. Msomaji akirudisha kitabu, kabla hujagonga muhuri, mwulize kama anataka matangazo. Akikubali, mwombe ahifadhi namba hapohapo mbele yako, kisha akutumie neno "KITABU". Usimwachie karatasi akahifadhi nyumbani, hatahifadhi. Jina aweke analolitaka mwenyewe: mzee mmoja wa Mikindani katuhifadhi "Vitabu Bure", na matangazo yanamfika vizuri tu. Akibadilisha simu namba zinaweza kupotea, kwa hiyo ukiona mtu hafikiwi tena, mkumbushe akija. Mtoto asiye na simu, andikisha ya mzazi, kwa ridhaa ya mzazi.

Hatua ya 4: Picha
Piga karibu na dirisha asubuhi, bila flashi. Majalada yetu yamevikwa nailoni, flashi inaacha doa jeupe juu ya jina la kitabu. Kitabu kimoja kwa picha. Chini andika jina, namba iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu na nakala zilizopo. Mabango ya kupambwa rangi saba siyapendi. Watu wanataka kuona kitabu chenyewe.

Wataomba PDF. Usiskani kitabu ukawatumia, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo. Wajibu: "Kipo, nikuwekee mpaka kesho saa kumi?" Ukisema umekiweka, kiweke kweli, na jina lake kwenye kikaratasi.

Hatua ya 5: Kutuma
Mara mbili kwa wiki, jioni. Msimu wa korosho watu wako mashambani, tuma sauti fupi badala ya maandishi marefu. Kuelekea mitihani ya Novemba, vitabu vya kidato cha nne vitangulie.

Simu yenyewe hailali kwa mtumishi. Yetu inakaa kwenye droo ya mihuri, na chaja tumeifunga kwa kamba mguuni mwa meza.