Jinsi ya kuomba kibali cha kuvua samaki Kisiwa cha Rubondo

Wengi huenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria, kutafuta sokwe na nzohe, swala wa kwenye maji. Ukienda kwa ajili ya sangara, elewa kwanza jambo moja: maji yanayozunguka kisiwa ni mazalia ya samaki, na kiingilio peke yake hakikuruhusu kutupa ndoano. Kibali cha uvuvi wa burudani huombwa na kulipiwa kivyake.

Kabla hujakata tiketi ya basi, iandikie ofisi ya hifadhi au wasiliana na TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Taja majina ya kila mmoja, uraia, tarehe za kufika na kuondoka, mtakakolala, na useme wazi kuwa mnataka kuvua. Uraia una uzito wake: raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, tena nafuu sana kuliko mgeni wa nje, mradi aonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti.

Suala la boti ulizungumze kwa kina. Anayetoka Mwanza hupitia Geita hadi Nkome. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limemwondolea foleni ya kivuko. Wa upande wa Chato hushukia Muganza na kupandia Kasenda, ambako safari ya majini ni fupi zaidi. Uliza bei ya boti ya kuvusha na ya boti ya kuvulia, kila moja kivyake. Je, ni kwa kichwa au kwa boti nzima? Mafuta yamo? Fimbo na ndoano zipo, au mje nazo? Omba kuvuka asubuhi, kabla upepo haujaamsha mawimbi, na kama kuna watoto, taja mapema saizi za jaketi okozi. Nahodha asiye na jaketi za kutosha, msipande boti yake, hata ziwa likiwa shwari.

Mkikubaliana, omba namba ya malipo, ulipe benki au kwa simu, na utunze stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi.

Mkifika Kageye, makao makuu ya hifadhi, onyesheni stakabadhi na vitambulisho, mchukue kibali chenu, na muulize mnaruhusiwa kuondoka na samaki wangapi. Sangara aliye chini ya sentimita 50 arudishwe majini akiwa hai.