Kutambua bakteria wa Gram hasi kwa mirija: kutoka koloni moja hadi jina

Mwongozo huu ni wa maabara isiyo na mashine ya utambuzi: kuna inkubeta, otoklevu, jokofu, hadubini na vitendanishi vichache. Unahusu bakteria wa Gram hasi (wanaoonekana waridi kwenye rangi ya Gram) wenye umbo la kijiti, wale wanaoota kwenye MacConkey (agari teuzi yenye laktosi) kutoka kwenye mkojo, choo, usaha au chupa ya damu. Oksidesi (kipimo cha kimeng'enya kwenye karatasi) pamoja na mirija mitano (TSI, yaani agari yenye sukari tatu na chuma; indoli na mwendo katika SIM, agari laini; sitreti; yurea; laisini) inatosha kuwapa majina wengi wao. Kinachoharibu majibu mara nyingi si uhaba wa vipimo. Ni koloni iliyochanganyika, saa mbaya ya kusoma, au midia (chakula cha kuoteshea bakteria) ambayo haijawahi kujaribiwa kwa bakteria anayejulikana.

Vipimo vyote hivi vinauliza bakteria anakula nini na anabakiza nini. Akichachusha sukari anabakiza asidi. Akila protini anabakiza alkali. Kiashiria kilichomo kwenye midia hubadilika rangi kufuatana na hayo. Ukilielewa hili, jedwali la majibu hutalikariri, utalijenga mwenyewe kichwani.

Hatua ya 1: Pata koloni safi

Chukua koloni moja iliyojitenga, iotoshe upya kwenye agari ya kawaida ya virutubishi au agari ya damu, nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi, saa 18 hadi 24. Usipandikize mirija moja kwa moja kutoka MacConkey, XLD au SS, ambazo ni midia teuzi. Midia teuzi haiui bakteria wote wasiotakiwa; wengi inawazuia tu kukua. Wanabaki chini na pembeni ya koloni unayoiona, na ukiwahamishia kwenye TSI isiyo na kizuizi wanaamka. Hapo utasoma majibu ya bakteria wawili ukidhani ni mmoja.

Rudia rangi ya Gram kutoka kwenye sahani hiyo mpya, hata kama uliifanya jana.

Simama hapa kwanza kama sampuli ni ya damu, koloni ni ndogo mno na zimechukua siku mbili au tatu kuonekana, hazioti kwenye MacConkey, na chini ya hadubini unaona vijiti vifupi sana vinavyokaribia kuwa duara, vilivyoshika rangi hafifu. Huenda ni Brucella. Katika maeneo ya wafugaji Afrika Mashariki hili si jambo la kufikirika, na Brucella ni miongoni mwa bakteria wanaowaambukiza wafanyakazi wa maabara mara nyingi zaidi, kwa njia ya hewa. Usimfanyie kipimo cha katalesi (kutia haidrojeni peroksidi), kwa sababu mapovu yake hurusha vitone. Usimnuse, usiendelee na mirija kwenye meza ya wazi. Funga sahani kwa tepu, mjulishe msimamizi, sampuli iende maabara ya rufaa yenye kasha la usalama wa kibiolojia.

Hatua ya 2: Oksidesi

Lowesha kipande cha karatasi ya chujio kwa matone mawili ya tetramethili-parafenilinidayamini ya asilimia 1. Chukua koloni kwa kijiti cha meno, pakaza kwenye karatasi. Zambarau iliyokolea ndani ya sekunde 10 ni chanya. Rangi inayokuja baada ya dakika moja usiihesabu, kwani kitendanishi hugeuka chenyewe kikikaa hewani.

Kitanzi cha nikromu hakifai hapa: kina chuma, na chuma hugeuza rangi bila bakteria kuhusika. Koloni za MacConkey nazo hazifai, kwa sababu asidi inayotokana na laktosi huvuruga jibu. Kitendanishi kikishaanza kuwa na rangi ya buluu ndani ya chupa, kimwage. Tengeneza kidogo, weka kwenye chupa ya kahawia, hifadhi kwenye jokofu.

Jibu hili linagawa njia. Kundi la Escherichia, Klebsiella, Salmonella, Shigella na Proteus ni hasi. Pseudomonas aeruginosa, Vibrio na Aeromonas ni chanya.

Hatua ya 3: Midia zinazohitaji uangalifu

TSI ipimie mililita 5 au 6 kwa kila mrija, ipike kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15, kisha ilaze ikiwa bado moto ili upate kitako chenye kina cha sentimita 2 hadi 3 na mteremko wa urefu kama huo. Kitako kikiwa kifupi hakuna sehemu isiyo na oksijeni, na kipimo kizima kinapoteza maana.

Yurea ya Christensen ndiyo inayoharibika kirahisi. Yurea yenyewe haipikwi, kwa sababu joto la otoklevu huivunja kuwa amonia na mirija yote hutoka ya waridi kabla hujapandikiza chochote. Pika msingi wake peke yake, mililita 95, uache upoe hadi nyuzi 50 au 55, kisha ongeza mililita 5 za yurea ya asilimia 40 iliyochujwa kwa kichujio cha bakteria. Ukiongeza wakati msingi ungali moto sana, umerudi palepale.

Hatua ya 4: Kupandikiza

Tumia waya mnyoofu, si kitanzi, na gusa kilele cha koloni moja tu. Mpangilio una maana: anza na sitreti, kisha mirija mingine. Sitreti ya Simmons ina chanzo kimoja tu cha kaboni, ambacho ni sitreti yenyewe. Ukiipandikiza baada ya kuchoma TSI, waya unabeba sukari na peptoni (vipande vya protini), bakteria anakula hizo badala ya sitreti, nawe unapata chanya ya uongo. Kwa sababu hiyohiyo bakteria wa sitreti wawe kidogo sana: mstari mmoja mwembamba juu ya mteremko, bila kuchoma kitako.

TSI: choma katikati ya kitako hadi milimita 3 hadi 5 kutoka chini, toa waya kwa njia uliyoingilia, kisha chora mteremko. SIM: choma mara moja, wima, theluthi mbili ya kina, waya ukiyumba utaona mwendo usiokuwepo. Yurea: chora mteremko wote, wingi unaruhusiwa. Laisini ya Moeller: pandikiza mrija wenye laisini na mwingine usio nayo, kisha mimina juu ya yote miwili mafuta ya madini yaliyotakaswa, kama sentimita moja.

Vifuniko vya TSI, sitreti na yurea viache vikiwa vimelegea. Hili linapuuzwa kuliko yote, na sababu yake iko katika hatua inayofuata.

Kwa waya huohuo, malizia kwa kuchora sahani ya agari ya kawaida. Kesho ikionyesha koloni za aina mbili, mirija yote inatupwa.

Hatua ya 5: Kusoma

TSI ina glukosi ya asilimia 0.1, na laktosi na sukrosi ya asilimia 1 kila moja. Kiashiria ni fenoli nyekundu: njano maana yake asidi, nyekundu ni alkali. Bakteria anayeweza glukosi peke yake huigeuza TSI yote kuwa njano katika saa za mwanzo. Glukosi ni kidogo, inaisha. Pale juu penye hewa anahamia kwenye peptoni, anatoa amonia, na mteremko unarudi kuwa nyekundu. Chini kwenye kitako hakuna oksijeni, njano inabaki. Anayeweza laktosi au sukrosi ana chakula mara kumi zaidi, kwa hiyo juu na chini panabaki njano.

Sasa ona makosa yanavyozaliwa. Ukisoma baada ya saa 10, Shigella na E. coli wanafanana, wote njano. Ukisoma baada ya saa 48, hata anayechachusha laktosi anaweza kuwa ameimaliza na mteremko kuanza kuwa mwekundu. Kifuniko kikikazwa, hewa haiingii, mteremko haurudi, na Salmonella anaonekana kama mchachushaji wa laktosi. Soma kati ya saa 18 na 24. Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, saa hizo usizihesabu. Andika joto asubuhi na jioni ili ujue.

Weusi ni haidrojeni salfaidi iliyokutana na chuma kilichomo kwenye midia. Ukifunika kitako chote, hesabu kitako kuwa njano, maana weusi huo hutokea penye asidi. Gesi huonekana kama nyufa, mapovu au agari iliyonyanyuka kutoka chini. Kwa Salmonella Typhi usitegemee weusi mkubwa: tafuta doa au mstari mwembamba pale waya ulipoingilia, tena bila gesi. Wengi humpita kwa sababu wanasubiri kitako cheusi tii.

SIM isome mwendo kwanza: ukungu uliosambaa kutoka kwenye mchomo ni chanya, mstari safi ni hasi. Kisha dondosha matone 5 ya kitendanishi cha Kovács. Pete nyekundu juu ni indoli chanya, yaani bakteria amevunja triptofani. Kitendanishi kizuri ni cha njano hafifu. Kikiwa cha kahawia, kibadilishe.

Sitreti: buluu ni chanya. Ikibaki kijani lakini mstari umeota waziwazi, iache saa 24 nyingine. Yurea: Proteus huigeuza waridi kali ndani ya saa chache, kwa hiyo ichungulie mapema siku hiyohiyo. Klebsiella huchukua siku nzima au zaidi, naye huanzia juu ya mteremko.

Laisini hudanganya wenye haraka. Mirija yote miwili huanza kwa njano kwa sababu ya glukosi, kisha ule wenye laisini hurudi zambarau kama bakteria ni chanya. Mrija wa laisini ukiwa zambarau na wa kontroli (usio na laisini) ukiwa njano, jibu ni chanya. Yote miwili ikiwa zambarau, bakteria hakuchachusha glukosi kabisa au hakuota, na huna jibu. Bila mafuta juu, hewa hutengeneza zambarau ya uongo.

Hatua ya 6: Kuunganisha majibu

E. coli wa kawaida: TSI njano juu na chini, gesi, hakuna weusi, indoli chanya, sitreti hasi, yurea hasi. Klebsiella pneumoniae naye ni njano kwa njano na gesi nyingi, lakini indoli hasi, sitreti chanya, yurea ya polepole, na hana mwendo. Akiwa na indoli chanya, fikiria Klebsiella oxytoca. Akiwa na mwendo na laisini hasi, tazama upande wa Enterobacter cloacae.

Proteus mirabilis hukusaidia mwenyewe: anatambaa kwa mawimbi kwenye agari ya damu, yurea ni ya haraka, weusi upo. Indoli hasi humtenga na P. vulgaris, ambaye kwa sababu ya sukrosi anaweza kuifanya TSI yote njano.

Kwenye choo ndiko kwenye kazi. Salmonella wengi ni nyekundu juu, njano chini, weusi, gesi, yurea hasi, indoli hasi, laisini chanya. Typhi hana gesi na sitreti yake ni hasi. Paratyphi A ana gesi, weusi wake haupo au ni hafifu, na laisini ni hasi, kwa hiyo usimtupe kwa kukosa weusi. Mwigaji mkuu wa Salmonella ni Citrobacter freundii: ana weusi, ana sitreti, na yurea yake huwa hasi mara nyingine. Laisini hasi ndiyo inayomfichua. Shigella ni nyekundu kwa njano, bila gesi, bila weusi, bila mwendo, laisini hasi, yurea hasi. Ukiona mwendo, si Shigella, hata antisera (kitendanishi cha kingamwili kinachogandisha bakteria) iseme nini.

Mwenye oksidesi chanya aliyefanya TSI njano kote bila gesi, kutoka kwenye choo cha majimaji, mfanyie kipimo cha uzi: changanya koloni na tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5 kwenye slaidi, nyanyua kitanzi baada ya dakika moja. Uzi mzito unaovutika unaelekeza kwa Vibrio cholerae. Peleka kwenye antisera na utoe taarifa bila kusubiri mirija mingine. Ukitumia KIA, agari inayofanana na TSI, badala yake, mteremko wake utakuwa mwekundu, maana KIA haina sukrosi.

Antisera za Salmonella zije baada ya mirija, si kabla. Baadhi ya Citrobacter freundii wana antijeni ya Vi (ya utando wa nje) ileile ya Typhi na watagandana vizuri tu. Kinyume chake, Typhi mwenye Vi nyingi anaweza kukataa kugandana na antisera ya O (antijeni ya ukuta), kwa kuwa Vi huifunika. Chemsha mchanganyiko wake kwa nyuzi 100 dakika 10 hadi 15, upoze, ujaribu tena.

Hatua ya 7: Kontroli

Kila bachi mpya ya midia ijaribiwe kwa bakteria wawili wanaopingana, na mrija mmoja usiopandikizwa ukae nao kwenye inkubeta. Indoli: E. coli ATCC 25922 (namba ya bakteria wa kumbukumbu) chanya, Klebsiella pneumoniae hasi. Sitreti: haohao, majibu kinyume. Yurea: Proteus mirabilis na E. coli. Oksidesi ijaribiwe kila siku unapoitumia, kwa Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853 na E. coli. Kontroli ikigoma, majibu ya wagonjwa ya siku hiyo hayatoki.

Na mirija ikikataa kuingia kwenye jina lolote, usilazimishe. Rudi kwenye sahani ya usafi, angalia Gram, angalia saa ulizosoma, pandikiza upya. Ikirudia mpangilio uleule, ripoti kijiti cha Gram hasi pamoja na majibu ya dawa zinazomfaa, kisha mtume bakteria maabara ya rufaa kwenye mteremko wa agari ya virutubishi, si kwenye TSI: asidi na sukari za TSI humuua akiwa njiani.