Jinsi ya kupanda miti ya matunda kwenye maeneo ya wazi ya mtaa: mwongozo kwa wakazi wa Dar es Salaam

Hatua ya 1: Kikao kabla ya jembe

Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji, umwonyeshe mahali penyewe. Ukingo wa barabara ni hifadhi ya barabara: barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, barabara kuu chini ya TANROADS. Ulizia pia mabomba ya DAWASA yanapita wapi, maana siku ya kufukua mti wako hautakuwa na mtetezi. Ruhusa iwe ya maandishi.

Kisha wakazi wakutane wajibu maswali mawili: nani atamwagilia, na matunda ni ya nani? Hili la pili watu hulipuuza, na ndilo linaloua miti. Mwembe usio na mwenyewe huvunjwa matawi maembe yangali machanga; ukihodhiwa na nyumba moja, mtaa mzima unauchukia. Napendekeza hivi: tunda lililoanguka ni la mwokotaji, na yaliyo juu yaanguliwe siku iliyotangazwa, kwa ngoe yenye kifuko, wala si kwa mawe, kisha yagawanywe. Watoto wawepo tangu kuchimba shimo. Mtoto aliyekabidhiwa mche haruhusu mwenzake auguse.

Hatua ya 2: Mti ufuate mahali

Chini ya nyaya za umeme panda mstafeli, mpera au mkomamanga. Mwembe upewe nafasi ya mita 8 hadi 10. Mfenesi usikae juu ya njia wala benchi, kwa sababu fenesi moja huweza kupita kilo 10. Zambarau hutia madoa magari na sakafu, basi mzambarau uende kwenye uwanja wa watoto, ambako utapendwa. Penye ukame na maji ya shida, mkwaju. Unakua polepole lakini unavumilia.

Kwa mwembe, nunua mche wa kubebeshwa (kikonyo cha mwembe mzuri kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine), wa dodo au bolibo. Huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali mche uliooteshwa kwa mbegu unaweza kukuchelewesha mara mbili ya hapo. Mtaani watu wakikaa muda mrefu bila kuona tunda, hamu ya kumwagilia inakwisha.

Hatua ya 3: Shimo na kupanda

Chimba wiki mbili kabla ya masika, sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza mizizi. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, kwa hiyo usiibanie samadi.

Mvua zikishika mwezi Machi au Aprili, chana kiriba kwa wembe na ukitoe chote. Mahali mche ulipobebeshwa pabaki juu ya udongo. Shindilia, mwagilia, tandaza nyasi kavu, lakini ziache kiganja kimoja kutoka kwenye shina ili mchwa wasipate daraja.

Hatua ya 4: Kiangazi cha kwanza

Miche mingi hufa kati ya Juni na Septemba, wakati waliopiga picha siku ya kupanda wamekwisha kusahau. Dumu moja la lita 20, mara mbili kwa wiki, latosha. Pangeni zamu kwa majina ya nyumba na muibandike ofisi ya mtaa. Zungushia mche kizimba cha fito kinachomfika mtu kifuani. Mbuzi wa mjini hawana mchunga. Maotea yanayochipua chini ya sehemu ya kubebesha yakatwe mapema, la sivyo yatalimeza tawi zuri.

Hatua ya 5: Mti ukizaa

Msimu wa maembe, yaliyooza chini yaokotwe kila baada ya siku mbili tatu. Nzi wa matunda hutaga ndani ya tunda, na funza wakikomaa hutoka na kujichimbia ardhini, wakaibuka nzi wapya. Yafukieni kwenye shimo la nusu mita au zaidi, mshindilie udongo juu. Msiyatupe mtaroni.