Somo: Kufuata dau ukiwa na karata dhaifu, meza ya watu sita

Wakuu, swali hili linarudi kila wiki: Texas Hold'em (poka ambayo kila mtu ana karata zake mbili, na tano za wote hufunuliwa mezani) ikichezwa na watu sita au pungufu, ni lini ufuate dau na karata dhaifu, na lini uzitupe?

Hatua ya 1: Elewa meza ndogo inavyokubana. Mkiwa tisa, madau ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata na wawili wanaomfuata mgawaji, yanakufikia mara mbili katika kila migao tisa. Mkiwa sita, ni mara mbili katika kila sita. Ukikaa kungoja pea ya wafalme, chipu zinaliwa kidogo kidogo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya bei. Madau ya lazima ni 100 na 200. Mwenye kiti cha mgawaji, anayecheza wa mwisho raundi zinazofuata, kapandisha hadi 500, mwenye dau dogo katupa, wewe ulishaweka 200. Mezani kuna 800, unadaiwa 300. Ukiiweka, fungu (jumla ya pesa zilizo mezani) linafika 1,100, na 300 yako ni kama asilimia 27. Kwa hiyo si lazima uwe mbele. Ukishinda zaidi kidogo ya mara moja katika nne, umerudisha. Ila kuanzia hapo wewe ndiye utakayetangulia kucheza kila raundi, na hilo linakula faida.

Hatua ya 3: Chagua udhaifu ulio hai. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ree na tano za rangi tofauti zinapendeza machoni kuliko saba na sita za kopa. Lakini mpinzani akishika ree na mfalme, ree-tano inashinda kama robo tu ya mara zote. Saba-sita ya kopa karibu mara nne katika kumi. Sababu ni kwamba ree ikitokea mezani, imewatokea nyote wawili, na mfalme wake anaipiku tano yako.

Juzi yalinikuta na ree-tano kama hiyo. Flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, ikaja ree, tisa, nne. Nikafuata, nikafuata, nikafuata tena hadi riva, karata ya tano na ya mwisho. Mwenzangu akafunua ree na malkia. Raundi zote tatu niliamini niko mbele.

Hatua ya 4: Kwenye riva, jiulize mpinzani alikuwa anangoja nini. Fungu ni 1,200, kaweka 600. Ukiwa sahihi mara moja katika nne, inatosha. Lakini kama mezani hapakuwa na flashi (karata tano za rangi moja, kama kopa tupu) wala mfululizo (tano zinazofuatana) wa kungojewa, atakuwa anadanganya na karata gani? Tupa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ina maana ree ndogo tuzitupe zote?*
Hapana. Tazama nani kapandisha. Wa kiti cha mgawaji hupandisha na karata nyingi mbovu, huyo mfuate. Aliyepandisha akiwa wa kwanza kucheza, tena mtu mgumu, mwachie.

*Nina kopa nne baada ya flopu, mtu kaweka dau sawa na fungu. Nifuate?*
Zimebaki kopa 9 katika karata 47 usizoziona, yaani kama asilimia 19 kwa karata inayofuata. Bei yake, kwa hesabu ya hatua ya 2, ni asilimia 33. Fuata tu ikiwa nyote mna chipu nyingi zilizobaki na unaamini atakulipa ukiipata.

*Nikiwa kwenye dau dogo je? Si nimeshalipa nusu?*
Hicho ndicho kiti kibaya kuliko vyote, ndugu. Nyuma yako yupo mwenye dau kubwa anayeweza kupandisha tena, na baada ya flopu unatangulia wewe. Mtu akishapandisha, karata dhaifu hapo zitupe. Zile nzuri pandisha wewe.